Siku Niliyomtembeza Mama Osmunda

Msiniombe nitaje jina la hospitali. Wenzangu bado wako kazini pale, na hata tukipigiana simu jambo hili tunalikwepa. Ila haya nitakayosimulia yamenipata mimi mwenyewe, tena mchana, saa nane, wagonjwa wakinywa uji upande wa pili wa ukuta. Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Mimi ni muuguzi, nimefumba macho ya maiti wengi kwa vidole vyangu hivi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniogopesha. Kwa hiyo usifikiri unasikiliza mtu wa kushtuka ovyo.

Kwetu ni Kondoa. Serikali ndiyo iliyonipeleka Mbinga, nikakuta baridi, ukungu, na watu wapole wanaojua kulima kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Baada ya miaka kadhaa nikafanywa inchaji wa wodi ya wagonjwa wa kiharusi, yaani mimi ndiye muuguzi niliyeiongoza. Tulikuwa na vitanda kumi, na pembeni chumba kidogo cha mazoezi chenye vyuma viwili virefu vya kushikilia mgonjwa anapojifunza tena kutembea. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mmoja tu, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Gaudensi. Vitanda kumi, mtaalamu mmoja, na wagonjwa wanaletwa kutoka milimani na kutoka huko chini ziwani kila wiki. Lazima mtu achague nani aendelee na mazoezi na nani apewe ruhusa arudi nyumbani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Na nilijisifu, kweli, kwamba siyumbi.

Ndipo akaletwa Mama Osmunda kutoka Ukata. Mkulima wa kahawa, mwanamke mkubwa wa mwili, umri wa mama yangu. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Maneno nayo yalikuwa yamekwenda, likabaki moja tu: kesho. Ukimuuliza unataka maji, anajibu "kesho." Unaumwa wapi? "Kesho." Alilisema kwa kuomba, kwa hasira, kwa kushukuru, na binti yake Osmunda, aliyekuwa akimuuguza, alilielewa kila mara. Mimi sikuwa na nafasi ya kulielewa.

Wiki ya tatu, kwenye raundi, nilisimama miguuni pa kitanda chake, kitanda namba nne, na faili mkononi. Nikasema, sauti ile ile ya kawaida, "Huyu hasimami tena. Tunajichosha bure. Apewe ruhusa leo, kitanda kinahitajika."

Osmunda akapiga magoti, ndiyo heshima ya watu wa kule. "Sista, naomba wiki moja tu. Jana mguu ulisukuma. Niliuona."

"Dada, hizo ni kano zinajivuta zenyewe. Sisi tunayajua haya."

Mama Osmunda alikuwa akinitazama. Nilipogeuka kwenda kitanda cha tano alinidaka mkono kwa ule wa kwake wa kushoto, mzima, wenye nguvu ya jembe. "Kesho," akasema. "Kesho. Kesho." Nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, nikaendelea na raundi. Jioni walimpakia kwenye pikapu, mvua ikinyesha, turubai juu yake. Usiku ule nililala vizuri. Nakwambia ukweli ili unielewe nilivyokuwa.

Miezi ikapita. Msimu wa kuchuma kahawa ukafika, ule wa ukungu unaoshuka asubuhi na kukaa mpaka jioni. Alhamisi moja, Gaudensi alikuwa amekwenda kula, nikaingia chumba cha mazoezi kutafuta mto wa kumwekea mgonjwa chini ya goti. Mlango ukajifunga nyuma yangu, nikadhani ni upepo.

Mama Osmunda alikuwa amekaa kwenye kiti, mwanzoni mwa vile vyuma. Amejifunga kitenge, miguu peku, ina udongo mwekundu.

"Shikamoo mama," nikasema. "Umeletwa na nani? Osmunda yuko wapi?"

Alininyooshea mkono. Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ile, nikaupokea kabla ya kufikiri. Ulipokuwa umeshaufumbata mkono wangu ndipo nilipotambua ni wa kulia. Ule uliokufa. Ulikuwa na baridi ya nguo iliyolowa, na ulinikaza hadi mifupa ikagongana.

"Leo," akasema.

Akasimama. Nikamsimamisha, tuseme, maana uzito wote uliniangukia mimi. Tukaanza kutembea katikati ya vyuma. Hatua moja, mguu wake wa kulia unaburuzika. Nyingine. Tukafika mwisho, tukageuka. Nilitaka kusimama, niamini, nilijiamuru kusimama kama ninavyomwamuru mwanafunzi, lakini miguu yangu iliendelea. Tukaenda, tukarudi. Mara kumi, mara ishirini, kisha nikapoteza hesabu. Niliulazimisha mkono wangu utoke, hautoki.

Halafu nikaanza kuhisi kitu kingine. Kila tulipogeuka yeye alikuwa mwepesi zaidi, na mimi mzito zaidi. Mguu wake uliacha kuburuzika. Wa kwangu wa kulia ndio uliokuwa ukikwaruza sakafu sasa. Shavu langu likavutwa upande mmoja, mate yakanitoka, nikayaona yakidondoka kwenye sare yangu.

Mlango ule una kioo kidogo. Nikamwona Neema, muuguzi wangu wa zamu, anapita na ndoo ya uji. Akachungulia. Mungu wangu, Neema! Nikavuta pumzi nipige kelele aniokoe.

"Kesho!"

Hilo ndilo lililotoka. Nikajaribu tena jina lake, nikajaribu "nisaidie," nikajaribu hata Bismillahi. "Kesho! Kesho!"

Neema akatabasamu. "Haya Sista, kesho basi," akasema, akaenda zake.

Wewe umewahi kuzikwa macho yako yakiwa wazi? Mimi nimewahi. Kutoka pale mpaka mwisho sikupigana tena. Tulitembea tu. Nilimsikia akipumua, pumzi za mtu anayepanda mlima na kuona juu panakaribia. Hakuwa na uso wa kisasi. Laiti angekuwa nao ningejua la kuomba. Alikuwa anafanya mazoezi. Alikuwa na kazi yake, na mimi nilikuwa chombo tu.

Mwishowe akaachia vyuma kabisa. Akanitazama, machozi yakinitoka kwenye jicho moja. Akavibandua vidole vyangu kutoka kwenye mkono wake, kimoja kimoja, bila kuniumiza. Akaufungua mlango akatoka, wima, akinyanyua magoti kama mtu anayekwenda shambani. Nami nikaanguka.

Gaudensi alinikuta saa kumi. Saa mbili tu, na mimi ningekuapia zilikuwa siku. Soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imelika hadi kitambaa. Wakanibeba, na kwa kuwa kilikuwa kitupu, wakanilaza kitanda namba nne.

Hapo nikajua wodi yangu. Nilisikia kila kitu. Daktari alisimama miguuni pangu na kuwaambia wenzangu, "Huyu tusitegemee atarudi kazini. Anzeni kumfikiria inchaji mwingine." Sauti ya kawaida tu. Nikamwambia daktari nasikia, nikamwambia akili yangu ni nzima. "Kesho," nikasema. Akanipigapiga begani, akaendelea na kitanda cha tano.

Neema alinigeuza vizuri kama nilivyomfundisha, lakini sikio langu likakunjika chini ya kichwa. Kitu kidogo, sivyo? Likaanza kuwaka. Saa nzima, ya pili, linawaka kama limewekewa kaa la moto, na watu wanapita hatua mbili kutoka kwangu wakicheka, na hakuna aliyejua. Nilikuwa nimewageuza mamia ya wagonjwa. Sikuwahi kuangalia sikio la hata mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyokaa Alhamisi ile, na Ijumaa yote. Jumamosi saa sita mchana Neema alikuwa ananilisha, kijiko kikagonga jino, nikasema, "Polepole, Neema." Kijiko kikamponyoka. Tukalia wote wawili.

Baadaye nilimuuliza aliona nini kwenye kioo kile. "Nilikuona wewe, Sista, peke yako, unatembea kwenye vyuma. Nikajua unanyoosha mgongo."

Walinipeleka kupiga picha ya kichwa. Haikuonyesha kitu. Hakuna mshipa uliopasuka, hakuna ulioziba. Nilipoweza kupanda bodaboda nikaenda Ukata. Osmunda alikuwa uani anaanua kahawa, nywele zimenyolewa. Nikaelewa. Nikampa pole, nikamuuliza ni lini.

"Tulimzika Jumamosi, saa sita mchana," akasema, akanitajia tarehe: saa ile ile sauti yangu iliporudi. Nikashika nguzo ya kichanja. "Sista, alikuwa kitandani tangu mlipomrudisha, hata kugeuka hawezi. Alhamisi, kama saa kumi, nasikia mlango. Mama amesimama. Akaja mpaka hapa ulipo, akaigeuza kahawa kwa mkono wa kulia. Akatuita wote kwa majina, mpaka wajukuu. Akaniambia, 'Osmunda mwanangu, chai yako haina sukari miezi yote hii, nilishindwa kukwambia.' Tukacheka! Jioni akasema amechoka, akalala, akafa."

Nikamsimulia yote. Sikujitetea. Alinisikiliza akichambua kahawa mbovu, kisha akanitazama nilivyosimama, mguu wa kulia umelegea.

"Kwa hiyo alikuja kwa miguu yako."

"Nadhani hivyo."

Akatupa pembeni punje moja mbovu. "Mimi nilikuomba wiki moja tu, Sista," akasema. Hakupandisha sauti. Akaingia ndani, akaniletea kiti.

Uinchaji niliuacha. Niliomba uhamisho nikashushwa pwani ya ziwa, ambako nafanya kazi kwenye zahanati ndogo, nachoma sindano watoto. Vidole vya mkono wangu wa kulia mpaka leo havifunguki vyote. Na kila Alhamisi, ikifika saa nane, mguu unakufa, na nikiulizwa jambo sijibu. Nimejifunza kukaa chini mapema, dirishani, nisimame tena saa kumi. Saa mbili hizo nimo ndani, najaribu kila neno ninalolijua, yote yanageuka kuwa lile moja. Watu wa hapa wamezoea. Wanasema Sista anapumzika.

Basi wewe unayeuguza, au unayekwenda kumwona mgonjwa wako, nisikilize. Ukisimama miguuni pa mtu asiyeweza kukujibu, usimseme kama hayupo. Yupo. Anakusikia, anakujua sauti, na hana la kufanya isipokuwa kukusubiri. Zunguka uje upande wa kichwa. Mwite kwa jina. Na kabla hujaondoka, mwangalie sikio.