Kitufe cha Nimekubali

Ukurasa wa masharti kwenye tovuti yangu niliuiba. Nilikuwa na kibanda cha kompyuta Noonkopir, na kwa kuwa kila wiki mtu aliingia akitaka nimchapishie karatasi ya ng'ombe aliyepotea, nikaanzisha tovuti ya kutangaza mifugo hiyo. Tovuti zote nilizoziona zilikuwa na masharti. Nikanakili ya duka moja la viatu la ng'ambo, kwa Kiingereza chake, nikabadilisha neno viatu hapa na pale nikaweka mifugo. Kitu pekee nilichotafsiri ni kitufe: Nimekubali. Sikusoma. Nani husoma?

Asubuhi moja akaja mjane wa Kimaasai. Ukame ulikuwa umemwachia mtamba mmoja tu, mwekundu, mwenye mimba ya kwanza, na sasa huyo naye hakuonekana. Nilimsalimia, "Supa, yeyo," kama wanavyomwita mama, akaitikia, "Ipa," akakaa. Akanitajia sikio lililokatwa mara mbili na chapa ya pajani, kisha akasita.

"Iko ingine, lakini hiyo si ya kuambia watu."

"Weka yote, yeyo. Ndio watu wamjue."

Akanitajia kovu dogo karibu na kiwele. Nikaliandika, pamoja na jina lake, namba ya simu na hata ya kitambulisho. Kisanduku cha masharti kikatokea. Akanyoosha shingo.

"Hapa inasema nini?"

"Ni mambo ya kawaida tu." Nikabonyeza kitufe mwenyewe.

Kila mfugaji Kajiado anajua jambo ambalo mimi, mtoto wa mkulima kutoka Ukambani, sikujisumbua kuuliza. Aliyeokota ng'ombe hamtoi kwa anayetaja rangi, maana rangi huonwa na kila mpita njia. Hungoja atajiwe alama ya siri. Mzee mmoja wa Isinya alitangaza kwenye tovuti yangu hiyo hiyo kwamba amepata mtamba mwekundu, na hakusema zaidi, kwa sababu yeye ana akili. Tangazo lake liliingia Jumapili iliyofuata, nikiwa kanisani naimba. Kufikia jioni mwanamume mwenye maneno matamu alikuwa amefika kwake, akataja sikio, chapa na kovu, vyote kama nilivyoviandika, akapewa kamba akaondoka na mtamba. Mzee alifuata desturi mpaka mwisho. Mpumbavu alikuwa mimi.

Nilipopata habari hizo, nilimwendea rafiki yangu wakili mjini Kajiado. Akasoma ukurasa wangu, akacheka.

"Wewe uko sawa kabisa. Imeandikwa hauna lawama kwa kitu mtu ameweka kwa hiari yake. Na mama alikubali."

"Ni mimi nilibonyeza."

"Hapo ndio kuna shida kidogo. Sheria ya data inataka mtu aelezwe habari zake zitatumiwa vipi, halafu akubali yeye mwenyewe. Lakini nani atakushtaki? Huyo mama?"

Nilitamani kumrushia kiti. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla hajasema hivyo, moyo wangu ulikuwa umeshaanza kutulia. Niliondoka bila kuaga. Nikaifunga tovuti kwa simu pale pale barabarani, kama mtu anayefunga zizi baada ya fisi kushiba.

Kesho yake nilikwenda kwa mjane nikamweleza yote, hata la kitufe. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniambia nimsomee kile alichokubali. Nikakaa kwenye kigoda, nikiwa nimelipa zizi tupu mgongo, nikamtafsiria mstari kwa mstari, nikiyalaani maneno yale kimoyomoyo, hadi nikafika kwenye sharti la viatu nililosahau kulibadilisha: kitu kikishavaliwa hakirudishwi.

Akafikiri.

"Hiyo," akasema, "mimi singekubali."