Sindano Katikati ya Pindo

Fundi mmoja wa nguo za kike aliitwa Nusu Mshono, na jina hilo alibandikwa na wifi yake, aliyeuza vitambaa na vifungo katika duka walilofanyia kazi pamoja. Kila jioni, kabla ya kufunika cherehani, fundi aliacha vazi moja chini ya sindano likiwa limeshonwa nusu. Hakuwa mvivu. Alijua kwamba asubuhi mikono huwa mizito, na mshono uliokwisha kuanza humvuta mtu wenyewe, awe na hamu asiwe nayo.

Mwaka huo mchapishaji aliikubali riwaya aliyokuwa akiiandika, kwa sharti kwamba mswada mzima ufike kabla ya mwezi kwisha. Ukichelewa, nafasi angepewa mwandishi mwingine. Fundi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu kabla ya kumzaa kifungua mimba wake, ambaye sasa alimzidi kimo. Akawa anaamka mapema, anaandika kwenye meza ya kukatia nguo, kisha anafungua duka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoimaliza sura ya harusi. Ilimpendeza mno, hata akapiga mstari chini ya neno la mwisho na kujipongeza peke yake. Kesho yake alikaa mezani asiandike kitu. Keshokutwa vilevile. Alichonga penseli, akafagia vipande vya uzi, akapanga vifungo vya wifi yake kwa rangi bila kuombwa.

"Haya, vifungo vyangu vimekukosea nini?" wifi aliuliza alipoingia.

"Hamu ya kuandika imenikatika, wifi. Na siku zinakwisha."

"Hamu! Mbona hilo gauni la mke wa dereva unalishona? Au linajishona?"

"Hili nililiacha chini ya sindano jana."

"Na kitabu ulikiacha wapi?"

"Ile sura niliimaliza."

"Ukaipiga pasi, ukaitundika! Miaka yote unatuachia magauni yenye mkono mmoja, halafu kwenye kitabu ndiyo unajifanya nadhifu. Unalia nini sasa, Nusu Mshono?"

Fundi alicheka kwa shingo upande. Kisha akaitoa sura ya harusi, akafuta nusu nzima ya ukurasa wa mwisho, mpaka pale bibi harusi anapoinuka kumjibu mama mkwe wake mbele ya wageni. Iliuma, lakini alikuwa amewahi kufumua vitu vizuri kuliko hivyo. Bibi harusi aliyeachwa amesimama hakuweza kunyamaza. Asubuhi iliyofuata alijibu, jibu likazua ugomvi, na ugomvi ukafungua sura mpya. Tangu hapo fundi akawa anaweka penseli chini katikati ya sentensi, hata maneno yalipokuwa bado yanamiminika.

Siku ya mwisho alimwachia wifi duka, akaupeleka mswada mwenyewe. Karani aliupokea, akagonga muhuri, akarudia chai yake. Hapakuwa na vigelegele.

Aliporudi dukani alivua viatu. Chini ya sindano palikuwa na sketi ya mteja, pindo limefika nusu.

"Iache mpaka kesho," wifi alisema. "Si ndiyo desturi yako?"

"Leo hapana, wifi."

Akakanyaga pedeli, akalizungusha pindo mpaka mwisho, akafunga fundo, akakata uzi.