Sekunde Thelathini za Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mhandisi Mkuu alinikabidhi bisibisi na ufunguo wa chumba cha mitambo ya simu. "Ukikata laini ya Mkurugenzi, usinitafute mimi. Tafuta kazi nyingine." Nilimwogopa kuliko umeme.

Kazi niliyojivunia ilikuwa sanduku la sauti, yaani mtambo wa kuhifadhi ujumbe wa anayepiga. Nilitengeneza njia ya moja kwa moja: ukibonyeza kitufe cha nyota kabla ya namba ya ofisi, simu haiiti, unaingia sandukuni ukasema lako. Kila ujumbe niliupa sekunde thelathini. Nikajiona bingwa.

Mkuu wa Utumishi, Bi Thuraya, alimfundisha mama yake, mzaliwa wa Unguja aliyekaa mtaa wa Ghubra, atumie njia hiyo asimkatize mikutanoni. Asubuhi moja alitoka mkutanoni, akasikiliza sanduku lake, akaniita nisikie. Palikuwa na ujumbe sita.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Umeamkaje? Mumeo hajambo? Watoto wazima? Na khalati yako, yule mdogo wangu, miguu yake je?" Ukakatika. Wa pili vilevile. Kila ukikatika, bibi wa watu alianza upya, maana huingii kwa mtu bila kusalimu. Kwenye ujumbe wa sita alikuwa akihema: "...wazima wote? Nnaumwa kifua, mwa..." Ukakatika.

Bi Thuraya alikimbia. Alimkuta mama amekaa mlangoni na buibui lake, anamsubiri. Alhamdulillahi, hospitali walimuwahi.

Keshoye alinambia, "Nimemwambia, Mama, anza na shida. Kanijibu, 'Nikwambie maradhi yangu sijajua kama wewe mzima? Ndivyo nilivyokulea?'"

Niliona haya. Nilikwenda kwa Mhandisi Mkuu nikakiri kosa, nikaomba dakika tatu kwa kila ujumbe.

"Mtambo utajaa."

"Utajaa salamu, bwana."

Alichezea miwani yake. "Mamangu mimi kaacha kunipigia. Anasema mashine yako haina adabu. Weka tano."

Nimestaafu sasa, na mtambo ule umeshatupwa. Vijana wakiniuliza kuhusu ufundi, nawaambia wawajue kwanza watu watakaopiga.

Bibi yule aliishi miaka mingi baadaye. Siku ya kuniaga, Bi Thuraya alinieleza kwamba tangu hapo, kila ujumbe wa mama yake ulikuwa na salamu moja ya ziada, baada ya mume, watoto na khalati: "Na yule fundi wa simu, mwanangu, hajambo?"