Mtamba Aliyekataliwa na Wakwe

Sabuni ilipopotea madukani, niliipika mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto mgongoni na cheti sandukuni, na cheti hicho kilikuwa hakijaniletea hata kipande cha khanga. Duka la kijiji lilikuwa na muuzaji na rafu tupu. Basi nikakumbuka somo la kemia. Nilichoma maganda ya ndizi, nikachuja majivu, nikachemsha maji yake pamoja na mafuta ya ng'ombe mpaka yakawa uji mzito wa kahawia. Ilinuka kama mnyama aliyenyeshewa. Lakini uchafu ilitoa, na watu wa Nyamwaga walikuja na makopo yao.

Aliyenisaidia ni shangazi wa mume wangu. Mguu wake mmoja ulipooza utotoni, anatembea kwa gongo, na hakuwahi kuolewa. Amezeekea bomani kwa kaka zake akila kinachobaki. Binti yangu alipopata homa akiwa na mwaka mmoja, na mguu wake wa kushoto ukalegea ukabaki hivyo, watu walinipa pole kama za msibani. Shangazi yeye aliushika ule mguu, akaugeuza huku na huku, akasema, "Huyu atatembea. Ila atakula nini siku mimi na wewe tukishakufa?"

Hakuna mwingine aliyeniuliza swali hilo. Kwetu binti huingiza ng'ombe anapoolewa, na huyu wangu walishamkatia tamaa. Shangazi akasema, basi tuanze kumwingizia sisi. Tulipika sabuni miaka miwili, ndipo tukaenda mnadani na kurudi na mtamba mwekundu, hajazaa hata mara moja.

Hapo nikafanya ujinga, na elimu yangu yote. Wezi wa ng'ombe walikuwa wengi, nikaona alama ndiyo kinga. Nikamwomba shemeji, mdogo wa mume wangu, amkate masikio kwa alama ya ng'ombe wa boma la baba mkwe. Alimkata vizuri. Nikamshukuru, nikampa na kopo la sabuni.

Shangazi aliporudi kutoka kanisani alikuta damu haijakauka. "Mama, huyu umemwandikisha kwa nani?"

Nikamjibu ni wa mtoto, kila mtu anajua.

"Kesho watakwambia sikio ndilo linalojua," akasema.

Mwaka uliofuata shemeji akataka kuoa. Ng'ombe wa mahari wakapungua mmoja, na baba mkwe akanyoosha fimbo kwa mtamba wa binti yangu. Niliwaka. Niliwaambia nimemnunua kwa mikono hii iliyobabuka kwa majivu. Shemeji akacheka.

"Shemeji yangu msomi," akasema, "si usome sikio hilo?"

Mume wangu alikuwa anatazama miguu yake. Nilimtukana baadaye, na hilo silijutii.

Siku ya kukagua ng'ombe walikuja wazee wawili kutoka upande wa bibi harusi. Walikuwa wanapapasa ng'ombe mmoja mmoja, nami nimesimama kwenye ua na mtoto kiunoni, tayari kuwaharibia shughuli. Shangazi akanizuia kwa gongo lake.

"Ukipiga kelele watasema una wazimu. Nyamaza. Mimi nitawaambia ukweli tu."

Akajikokota mpaka langoni. "Za safari, wakwe zetu. Huyo mwekundu mmempenda?"

"Mzuri sana, dada."

"Mzuri kweli. Ni wa yule mtoto." Akamwonyesha binti yangu, kisha akapandisha gauni lake mwenyewe kidogo, wakauona na mguu wake uliopooza. "Tumemnunua mimi na mama yake. Mchukueni tu, mkamtunze."

Wazee wakatazamana. Mmoja akafuta kiganja kwenye koti lake. "Dada, sisi hatuingizi kitu cha kilema nyumbani kwetu."

"Kwani kilema kinaambukiza kwa maziwa?"

"Hatujui. Ndiyo maana hatuchukui."

Baba mkwe ikambidi atoe dume lake mwenyewe. Shemeji hakunisemesha mpaka harusi ikapita.

Mali ya mwanangu ilikuwa imeokolewa na tusi. Nikamwuliza shangazi aliwezaje kusimama pale wakamwambia vile.

"Wananiambia hivyo tangu nina akili," akasema, "na sijawahi kupata hata kikombe cha maziwa kwa ajili yake. Leo angalau tusi hilo limetufaa."

Nimeishi na watu wengi wenye miguu miwili mizima, na hakuna aliyewahi kunibebea mzigo kama yule mama. Nashukuru hata kwa namna alivyonigombeza.

Kesho yake tulimhamisha mtamba kwa rafiki wa shangazi wa kanisani, kijiji cha pili, mjane asiye na shemeji hata mmoja. Tukakubaliana mbele ya majirani: ndama dume ni wa mjane kwa kazi ya kutunza, majike wote ni wa binti yangu. Nikataka kumpeleka mtoto nje akacheze. Shangazi akakataa.

"Huyu ndiye atakayebaki. Asikie mwenyewe."

Binti yangu, miaka minne, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na mkia ni wake. Mjane akamwambia mkia pia. Shangazi akamtaka arudie makubaliano yote tangu mwanzo, na akayarudia.