Zamu Mbili za Mama Godelive

Siku aliyorudi kazini, Mama Godelive alidanganya kabla hata hajakalia kigoda chake.

Depo ya kahawa iko Mususa, mtaa mmoja wa Butembo, nyuma ya karakana ya mbao, na humo wanawake kumi na watatu hushinda wameinama kuchambua punje: nyeusi huku, zilizotobolewa na wadudu kule, nzuri ndani ya gunia. Ni kazi ya macho na mgongo. Mdomo hauna kazi, kwa hiyo unajitafutia. Mwezi mzima midomo hiyo ilikuwa ikimngoja Godelive, aliyekwenda Kenya, huko pwani, kumsaidia binti yake Joyeuse, aliyejifungua, kumlea mtoto. Na walikwisha kusikia kwa simu kwamba huko alipandishwa mashua ya peke yake, mashua ya kukodiwa na wazungu, apelekwe kuwatazama samaki wa bahari wakiwa hai, chini kabisa wanakoishi.

"Uliona ile basamaki?" Kavira akauliza.

"Nilibaona."

"Ya rangi gani?"

"Ya rangi yote."

"Mais mi niko na swali moja," Kavira akasema, na wenzake wakaacha kuchambua, maana swali la Kavira halikosi pilipili. "Kama maji ya kule iko na chumvi, samaki ya kule inazaliwaka makayabu?"

Depo nzima ikacheka. Makayabu ndiye yule samaki wa chumvi anayeuzwa sokoni akiwa mkavu na mgumu kama soli ya kiatu, na sura ya makayabu aliyezaliwa hivyo iliwachekesha mpaka msimamizi akagonga meza. Godelive naye alicheka, akashukuru kicheko kwa kumwokoa. Kusema la haki, hakuona samaki hata mmoja. Alikwenda kwa mabasi siku nne, akapandishwa mashua, akavalishwa miwani ya kutazamia chini ya maji, akalala usingizi.

Sasa mtu atasema, si angesema tu kwamba alilala? Huyo mtu hajui jinsi Godelive alivyosafiri. Sanduku lilikuwa la Kavira, jirani yake wa ua mmoja. Koti la baridi lilikuwa la Baba Lusenge, kiongozi wa shirika lao, yaani majirani Wakatoliki wanaokutana kila Jumapili alasiri kusali pamoja. Kitenge kipya alipewa na Agar, ambaye ni Mprotestanti na hata katika shirika hayumo. Na katika shirika lile wana msemo wao: sanduku la kuazima halirudishwi tupu. Ukiazima kitu cha safari, unakirudisha na masimulizi yake, umesimama mbele ya watu, ili na wao wawe wamekwenda. Jumapili ilikuwa siku tatu mbele. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Godelive ilikuwa fupi kuliko zote, kwa sababu hakuwa na kipaji.

Lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo. Kilichomchosha hasa ni kwamba usingizi ule wa mashuani ulikuwa wa kwanza kwa miaka sita, na tangu arudi Butembo haukumfuata. Alianza kuogopa kwamba ameusahau kule, kama mtu anavyosahau kanga kwenye nyumba ya wageni, na kule si mahali mtu anaporudi kuulizia.

Zamani alikuwa analala kama watu wote. Yeye na mumewe Salomon walikuwa na shamba la kakao nje ya Beni, shamba zuri, na walipoanza kusikia kwamba waasi wanatembea usiku katika vijiji vya jirani, hawakukimbia mara moja. Nani anakimbia kakao ikiwa imeiva? Waligawana usiku. Salomon analala, Godelive anakaa macho nyuma ya mlango. Ikifika nusu, anamgusa bega: "Amuka, zamu iko yako." Anajilaza mahali pa mumewe, pangali pana joto, na Joyeuse, wakati huo msichana wa shule, analala katikati yao asijue kitu, au ndivyo walivyodhani. Asubuhi Salomon ndiye aliyemwamsha mkewe, kila siku, kwa kugonga sufuria ya chai na kijiko.

Asubuhi moja hakuna aliyegonga sufuria. Godelive alilala mpaka jua likapita juu ya nyumba. Salomon alikuwa ametoka alfajiri kwenda kugeuza kakao iliyoanikwa, na alikutwa huko. Wengine wa kijiji wakakutwa mahali pengine, siku hiyo hiyo. Mama na binti wakashuka Butembo na nguo za mwilini.

Tangu hapo Godelive anafanya zamu zote mbili, yake na ya Salomon, kwa sababu hakuna wa kumgusa bega. Hakuna mtu anayemtaka alinde. Mususa kuna watu, kuna mabati, kuna mbwa wa jirani anayebweka bila mshahara. Lakini mwili hausikii hoja. Akipata mang'amung'amu kidogo anashtuka, anahesabu waliomo chumbani, na tangu Joyeuse aolewe na mpishi wa Kimombasa aliyekutana naye Kampala, hesabu hiyo ilikuwa moja. Macho aliyokuja nayo kwenye kahawa kila asubuhi yalikuwa mekundu, na msimamizi alimpenda, kwani punje mbaya haikumponyoka. Mtu aliyezoea kutazama anatazama tu.

Basi ile mashua. Hoteli ambako Joyeuse anafua mashuka ilitoa zawadi za mwisho wa mwaka kwa wafanyakazi: wengine walipata mchele, yeye akapata karatasi ya kutembezwa baharini, watu wawili, asubuhi moja, miwani na mrija vimo. Godelive angechagua mchele. Joyeuse aliitunza ile karatasi miezi mitano, amngoje mama yake, na siku yenyewe mtoto akabaki na baba yake.

Mbele ya hoteli ile kuna ukuta wa miamba huko mbali, mawimbi yanapasukia nje, na ndani maji yametulia, ya kijani cha jani changa la ndizi. Mwenye mashua aliitwa Kazungu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Akamwamkia Godelive: "Shikamoo, mama." Godelive, ambaye huko kwao salamu hiyo haipo, akafikiri ni jina la mtu anayetafutwa, akajibu kwa heshima, "Shikamoo hapana iko hapa." Joyeuse akageuka kutazama miamba, mabega yakimtikisika.

"Mama wajua kuogelea?" Kazungu akauliza tena.

"Nilishanawa asubui," akasema Godelive. Kazungu akaamua kuendelea na mafunzo.

Akamvisha koti la kuelea, akambana miwani usoni mpaka pua ikazibika, akamtia mrija mdomoni. "Ukishaingia majini, pumua," akasema. "Usihangaike na jingine lolote, mama. Pumua tu."

Neno hilo Godelive alilijua. Alipokuwa mdogo, mama yake alimwambia hivyo hivyo wakipanda mlima na kuni: tua, pumua. Hakuna mtu aliyemwambia tena tangu hapo. Alikaa pale kwenye ubao, mrija mdomoni, akatazama pande zote kama alivyozoea. Hakukuwa na mti. Hakukuwa na kichaka, wala kona ya nyumba. Yalikuwa maji tu, na mtu yeyote atakayekuja ataonekana akiwa bado mdogo kama punje. Akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine.

Joyeuse alikuwa amevaa miwani yake tayari, mguu mmoja umevuka ubavu wa mashua. Miaka miwili alikuwa akifua mashuka ya watu wanaokuja kuwatazama samaki wale, na hajawahi kuwaona. Akamtazama mama yake. Akarudisha mguu ndani, akavua miwani, akakaa karibu naye.

"Lala, mama," akasema. "Zamu ni miye."

Kumbe alikuwa akisikia, yule mtoto wa katikati.

Godelive alilala akiwa na miwani usoni, na mkoromo wake ukatokea juu ya mrija kama baragumu. Kazungu alizima mashine. Alifungua mwavuli wake, akamshikia, akabadilisha mkono, akamshikia tena. Mashua nyingine zilikuja na wageni wao, zikaondoka. Maji yakaanza kupwa, na Kazungu akawa anaisukuma mashua polepole kwa upondo isije ikakwama juu ya matumbawe.

Godelive alipoamka, jua lilikuwa limepita juu ya kichwa, na moyo ukampasuka. Jua la juu namna ile alilijua. Akang'oa mrija mdomoni.

"Tuko wangapi?"

Joyeuse hakuuliza maana. "Tuko batatu, mama," akasema. "Bote."

Hayo ndiyo aliyoyaona baharini. Na mduara wa miwani ulimkaa usoni mpaka kesho yake.

Jumapili ilifika, kama inavyofika kwa kila mwenye deni la maneno. Shirika lilikutana nyumbani kwa Baba Lusenge, watu kumi na mmoja. Agar naye alikuja, Mprotestanti wa watu, kusikia kitenge chake kilifika wapi, wakawa kumi na wawili. Kavira alikuwa ameacha maharagi juu ya mbabula, jiko lake la makaa, akasema anakaa kidogo tu. Godelive akasimama na sanduku miguuni.

Alianza vizuri. Alisimulia foleni ya mpakani Kasindi, alisimulia mabasi, na salamu ya shikamoo iliwaangusha kwa kicheko. Kisha akafika kwenye mashua, akasema samaki walikuwa wengi, wa rangi yote. Alijaribu kumfikiria samaki mmoja tu, hata wa uongo, na kila aliyemjia alikuwa makayabu. Alichoka. Alichoka namna ambayo hata kudanganya ni mzigo wa kupandisha mlima.

"Hapana," akasema. "Mi hapana ona samaki. Nililala."

"Ulilala wapi?" akauliza Baba Lusenge.

"Mu mashua. Tangu tulifika mpaka saa ya kurudi. Joyeuse alifanya zamu, mi nikalala."

"Donc ulifanya siku ine ya njia ju ya kulala?" akasema Baba Lusenge.

Wachache walicheka, wakaona wenzao hawacheki, wakaacha. Kavira alikuwa akimtazama jirani yake kama punje ambayo mtu ameipitisha mara nyingi bila kuigeuza. Ukuta wa vyumba vyao ni mmoja. Kila usiku kwa miaka sita alikuwa akisikia kigoda kikisogea upande wa pili, akadhani ni panya.

"Na huku?" akauliza. "Huku unalalaka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Kule Beni tulikuwa babili," Godelive akasema. "Moja analala, moja anaangalia. Sasa niko peke. Ni vile tu." Akakaa. Ilimuuma kwamba amewaharibia alasiri, na kwamba sanduku la Kavira limerudi tupu.

Baba Lusenge alikuna shingo. Mwisho akaondoa mito kwenye kiti kirefu, akaweka mmoja upande wa kichwa.

"Tuko na rozari ya kusali," akasema. "Wewe lala pale. Leo ba-zamu ni sisi."

"Baba Lusenge, iko muchana."

"Na kule bahari ilikuwa usiku?"

Alijilaza kwa adabu tu, kama mgeni anavyokula chakula ambacho hakitaki. Agar akamfunika kitenge. Wakaanza kusali kwa sauti ya chini. Fumbo la kwanza la rozari alikuwa anajifanya: amefumba macho, anawasikia mmoja mmoja, sauti ya Lusenge iliyokwaruza, Kavira anayewahi "Amina" kabla ya wenzake. Fumbo la pili alisahau kuhesabu sauti. Fumbo la tatu hakuwa anajifanya tena.

Walimaliza rozari, na Baba Lusenge akainua mkono mtu asisimame. Wakaanza upya. Agar, ambaye maisha yake yote hajashika rozari, alizijua sala zote mara walipoanza kwa mara ya tatu. Mvua ilinyesha kidogo juu ya mabati, ikaacha. Harufu ya kitu kinachoungua ilipita dirishani ikitoka upande wa ua wa Kavira na Godelive. Kavira akanusa, akafahamu, akabaki amekaa.

Godelive aliamka mara moja, kama mtu aliyeitwa. Mwanga mlangoni ulikuwa umegeuka. Akainuka kwa kiwiko, midomo mikavu.

"Tuko wangapi?"

Kavira akahesabu kwa kidole, taratibu, mtu kwa mtu, akaanza na Baba Lusenge na kumaliza na yeye aliyeuliza.

"Tuko kumi na babili," akasema. "Bote. Ni maharagi yangu tu ilishaungua."