Kura ya Mke Wangu

Mimi ni mtu wa wivu, sijawahi kukataa. Wanaume wengine wanaficha, wanaita mapenzi, wanaita ulinzi, mimi naita wivu na mambo yanaisha. Nina mke mmoja, kwa hiyo wivu wangu wote uko kwake, haujagawanywa. Lakini walahi sikuwahi kufikiria kuwa siku moja nitaonea wivu mbao mbili na penseli iliyofungwa kamba.

Mambo yalianza na kadi. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, sisi tuna miaka michache tu Birmingham, na asubuhi moja kadi ya mpiga kura ikaanguka mlangoni. Nikaiokota, nikaigeuza. Jina la mke wangu. Nikainua kizulia cha mlangoni, nikachungulia tundu la barua, pengine nyingine imenasa. Hakuna. Ilikuja hiyo moja tu.

Ili mtu aelewe kilichoniuma, lazima nieleze habari ya pasipoti. Mimi ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi. Nilikwenda Uholanzi kijana, nikahangaika, nikapata pasipoti yao nyekundu. Nikarudi Mombasa kuoa, nikamchukua mke wangu, tukaishia hapa Birmingham kama wenzetu wengi. Yeye alibaki na pasipoti yake ya Kenya. Kila tukisafiri, mimi napita mara moja, yeye anawekwa kando, anaulizwa maswali, mkoba unafunguliwa. Namngoja upande wa pili na mtoto begani, na akifika namwambia, "Pole mama, hiyo yako tutaibadilisha." Nilikuwa nasema kwa huruma, lakini ile huruma yenye kidevu juu.

Na uchaguzi wa madiwani uliotangulia, kadi zilikuja mbili. Nilipiga kura yangu na msikiti mzima ukajua. Kwa hiyo safari hii nilikwenda ofisi ya baraza nikiwa nimekasirika tayari, nidai kadi yangu. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, mpole, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akanieleza polepole. Pasipoti ya Uholanzi inakupa haki ya kuchagua madiwani. Bunge, hapana. Na mke wangu je? Akasema Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, mke wako anapiga zote.

Nilirudi nyumbani kwa miguu maana sikutaka kukaa na watu kwenye basi. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anashona nguo ya harusi ya mtu. Nikamweleza. Akakata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Pole bwana," akasema. "Hiyo yako tutaibadilisha."

Basi nikameza. Ningeweza kuishi na hilo kama si yule bwana wa Jumamosi.

Alikuwa Mhindi wa rika letu, kifuani amebandika ua la utepe la chama chake, mkononi ana vikaratasi. Kugombea hagombei, anampigia debe mwingine. Mimi nilikuwa ngazini nabadilisha balbu. Mke wangu akafungua mlango, yule bwana akaanza Kiingereza chake, kisha akamtazama kidogo, akasikia anavyomkemea mtoto nyuma yake, na papo hapo akageukia Kiswahili.

"Wewe mtu wa Mombasa!"

"Wewe je?"

"Mimi nimezaliwa huko huko!"

Aisee, hapo mimi nikawa sipo. Waliulizana mitaa. Wakaulizana shule. Wakafika kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza mabuyu karibu na shule ya wasichana, aliyekuwa akiwafukuza watoto kwa kandambili moja, nyingine hakuwa nayo. Kuhusu hiyo kandambili walicheka mpaka mke wangu akashika fremu ya mlango. Nilikuwa juu ya ngazi na balbu mkononi, na nilikuwa najiuliza, je, mimi nimewahi kumchekesha mwanamke huyu hivyo? Nilitafuta siku hata moja na sikuipata. Mimi si mtu wa Mombasa. Mzee wa mabuyu simjui.

Mke wangu alipofunga mlango bado machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka. "Kumbe dunia ndogo hivi," akasema.

"Utampa kura?"

"Yeye hagombei."

"Chama chake, nasema."

"Hebu shuka kwanza hapo juu utaanguka," akasema, akaenda jikoni.

Kuanzia siku hiyo nililala na habari ya kura yake na kuamka nayo. Kiwandani Tyseley nilikuwa nakata chuma na akili iko mlangoni kwangu. Kusema kweli bunge halikunihusu, si nimeshaambiwa halinihusu? Nilichotaka kujua ni kimoja. Mke wangu akiachwa peke yake na karatasi, moyo wake unakwenda wapi? Ukienda kwa chama cha yule wa mabuyu, basi ule mlango ulifunguliwa zaidi ya nilivyoona.

Ndipo nikapata akili ya posta. Kijana mmoja kazini alisema siku hizi mtu yeyote anaweza kuomba kupiga kura kwa posta, huhitaji kuwa mgonjwa wala msafiri. Karatasi inaletwa nyumbani, unaweka alama mezani kwako, unaitia kwenye bahasha, kwisha. Mezani kwako! Siku hiyo hiyo nikatafuta fomu.

Nikamwandalia mke wangu hoja zangu vizuri. Nikamwambia mvua ya hapa haina msimu, itakunyeshea. Miguu yako inavimba. Huyu mdogo utamwachia nani? Foleni inaweza kuwa ndefu. Posta ni ya kistaarabu, chai yako iko hapa, unakaa, unaweka alama, na barua nitakupelekea mimi mwenyewe.

Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. "Na wewe utakuwa wapi wakati mie naweka alama?"

"Nitakuwepo tu."

"Hapo ndipo nilipotaka ufike."

"Kwani kuna nini cha kuficha?"

Akaweka sinia chini. Mke wangu hapigi kelele, akikasirika sauti inashuka, na hiyo ndiyo mbaya. "Kwetu kura za nyumba nzima alikuwa nazo babangu," akasema. "Alitukalisha jioni, akatupanga, wewe hapa, wewe hapa, na mamangu aitikia. Nikaolewa. Sasa hata chooni nikiingia mwanibishia mlango, wewe na wanao, mama soksi iko wapi, mama chumvi iko wapi. Kile kibanda cha kura ni mahali pamoja tu ambapo hapana wa kunibishia. Hapo pia wataka uweke kiti ukae?"

Nikanuna. Nikawa nakula bila kusifu, na mpikaji wa Mombasa ukimnyima sifa umemtukana. Yeye akaongeza nazi kwenye wali, makusudi, mpaka ukawa mtamu wa kunitia uchungu. Ile fomu nikaikuta imefunika bakuli la unga.

Siku yenyewe ikafika, na kwa taarifa yenu mvua haikunyesha hata tone. Nilitoka kazini mbio. Nikamkuta amepiga pasi buibui na amejifukiza udi. Udi! Kwenda kwenye ukumbi wa shule ya msingi kuandika alama moja kwa penseli.

"Unakwenda kupiga kura ama harusini?"

"Yote mawili ni shughuli," akasema.

Nikasema tunakwenda wote. Yeye mbele, mimi nyuma nasukuma kigari cha mtoto, wale wawili wakubwa pembeni. Na getini nani amesimama na ua lake kifuani, anawauliza wapiga kura namba za kadi zao, chama chake kijue nani amekwisha kuja? Sikushangaa. Nilikuwa namngojea tangu Jumamosi ile.

"Mama, umekuja!" akasema.

"Nimekuja, lakini kandambili nimeacha nyumbani," mke wangu akamjibu. Wakacheka tena. Mimi yule bwana akanisalimia kwa heshima kabisa, na heshima yake ikanichoma zaidi.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Mzee msimamizi wa kituo akaniuliza kwa adabu, "Unapiga kura, bwana?" Nikamjibu hapana. Akaniomba nisogee kando kidogo, nisizibe njia.

Kutoka pale kando nilikuwa naona vibanda. Mbao mbili tu, moja huku moja huku, na chini kuko wazi. Kwa hiyo mke wangu nilimwona miguu. Viatu vile nilivinunua mimi, sokoni, Jumamosi ya mvua, nikabishana bei. Sasa vimesimama pale vimetulia, vinajua jambo ambalo mimi silijui. Mtu aliingia kibanda cha jirani, akaweka alama, akatoka. Mwingine akaingia, akatoka. Viatu vyangu havikusogea. Karatasi yenyewe ina majina machache, unasoma nini muda wote huo, mama? Niliona kisigino kimoja kimeinuka, anasimama kwa raha, vile anavyosimama dirishani watoto wakiwa wamelala. Hapo wivu ulinipanda hadi masikioni. Hata yule wa mabuyu nilimsahau. Nilizionea wivu zile mbao.

Alitoka, akakunja karatasi, akaitia kwenye sanduku, akaja akatabasamu kwa watoto.

Njiani nilijizuia mpaka kwenye duka la mkate. "Umempa nani?"

"Niliyempa."

"Yule wa mabuyu?"

Akasimama, akanigeukia. "Wee bwana, huo wivu wako utakuua bure." Kisha akacheka, akanishika mkono kidogo pale barabarani, kitu ambacho hafanyi mbele za watu, na akaendelea kutembea. Matokeo yalipotangazwa nilikuwa namwangalia yeye, siangalii televisheni. Alikuwa anamenya viazi. Hakufurahi, hakuhuzunika, akaniuliza kama vitunguu vimebaki.

Nilijaribu na baadaye. Nikimsifu mbunge, anasema haya. Nikimtukana, anasema haya.

Miaka minne ikapita. Nikafanya karatasi zangu, nikala kiapo, nikawa raia wa hapa. Uchaguzi mkuu ukaja tena na safari hii kadi zikaanguka mbili. Yangu niliisimamisha juu ya televisheni kila mgeni aione.

"Haya," mke wangu akasema, "wewe utapiga kwa posta ama siku yenyewe?" Mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Siku yenyewe."

"Miguu yako haitavimba?"

"Siku yenyewe, nimesema."

Nilivaa suti yangu ya harusi, kifungo kikagoma, nikaiacha wazi. Mke wangu alitangulia kuingia, na safari hii hakukawia hata kidogo, akatoka akashika watoto. Zamu yangu. Mzee wa kituo alikuwa yule yule. Nikapewa karatasi, nikaingia.

Ndani hakuna kitu. Mbao, rafu ndogo, penseli na kamba yake. Nilikuja na mipango mingi, nani amefanya nini, nani amesema nini kuhusu sisi wageni, nikakuta yote imenitoka. Nilichofikiria ni yeye tu. Nilijiuliza dakika chache zilizopita mkono wake ulikwenda wapi, na nikataka wangu uende hapo hapo, ili angalau humo ndani ya sanduku tuwe pamoja. Nikabahatisha. Nikaweka alama yangu.

Kisha sikutoka. Nilikaa makusudi. Nilijua mlango uko wazi, nilijua anaona viatu vyangu, na nilikuwa nimevipaka rangi. Nikainua kisigino kimoja. Nikasema moyoni, sasa na wewe uonje.

Nilipotoka nilivaa uso wa mtu mwenye siri. Tukaanza kurudi. Nikangoja. Akasema sare ya mkubwa imekuwa fupi. Tukapita duka la mkate, akasema tununue mkate. Tukanunua. Nikakohoa.

"Nilikawia kidogo mle ndani," nikasema.

"Niliona."

"Nilikuwa nafikiri."

"Vizuri."

Tukafika mlangoni kwetu. Akatafuta funguo ndani ya mkoba, mkate kwapani.

"Huniulizi?" nikamwambia.

"Nikuulize nini?" Akafungua, akaingia, akavua viatu, akawaita watoto waoge.

Angeuliza ningemwambia. Ningemwambia pale pale mlangoni, kwa sauti, majirani wasikie. Kila uchaguzi tunakwenda pamoja, nakaa kibandani kuliko watu wote, natoka, natembea naye pole pole mpaka nyumbani na jibu liko mdomoni. Mpaka leo hajauliza.