Ndege Juu ya Uso wa Bibi

Juzi, kwenye arobaini ya baba, mpwa wangu kaitoa picha yetu ya familia, ya studio, ikapita mkono kwa mkono. Watu wakasifu weee! "Tazama suruali ya marehemu, bugaluu hilo! Na ndege nyuma!" Mie nikainuka nikaenda kuosha masufuria. Ningebaki, ningemtukana marehemu kwenye arobaini yake.

Sikiliza, mwenzangu. Temeke ya utoto wangu, kabla ya studio, aliyetaka sura yake ukutani alimwita jirani yetu mchoraji. Alikuja na rangi kwenye vikopo vya maziwa, akachora juu ya kitambaa cha marekani. Cha bibi kilikuwa kipana kama shuka, maana alitaka aonekane mpaka miguu. Ijumaa tatu bibi alikaa barazani akichorwa, huku anachambua kunde, wanataniana. Mchoraji alipotaka kuficha kovu la shavuni, bibi alifoka: "We! Liweke. Ndiyo mie huyo."

Studio ilipofunguliwa mtaani, bibi aligoma kwenda. "Nikauke kama maiti mbele ya mtu asiyejua hata jina langu? Thubutu!" Akafa bila kupigwa picha hata moja. Ile ya kuchorwa ndiyo pekee tuliyobaki nayo.

Ilikuwa miaka ya foleni, vitambaa havipatikani. Mwenye studio alihitaji pazia la nyuma. Baba akambandua bibi ukutani akampa, ili nasi tupigwe picha familia nzima bure. Na nani wa kulichora hilo pazia? Jirani yuleyule. Wateja walishamkimbia, sasa studio ndiyo iliyomlisha.

Alikuja kwanza nyumbani, kofia mkononi. "Kaka, huyu ni mama yako."

"Mama nilishamzika," baba akajibu. "Hiki ni kitambaa."

Basi akapaka. Bluu ya mbingu usoni kwa bibi, halafu ndege ya abiria juu yake. Tukavalishwa viatu, tukapangwa mbele ya pazia, tukaambiwa tucheke. Nami nikacheka! Nilikuwa na miaka saba, nilijua nini? Hilo ndilo linaloniunguza.

Ndugu zangu huniambia yaliyopita si ndwele. Si ndwele kwao! Studio ilishavunjwa, pazia sijui liliozea wapi. Nikifumba macho nimtafute bibi, sauti yake inakuja. Uso hauji. Inakuja ile ndege, na madirisha yake yote sita.